Trasti ya mtoto mwenye ulemavu hapa Marekani: maswali ninayoulizwa kila wiki

Haya nimeyaandika kwa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, wenye mtoto, ndugu au mjukuu mwenye ulemavu anayepokea SSI (hela ya kila mwezi ya serikali kwa wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha) na Medicaid (bima ya afya ya serikali). Mi si wakili. Ni mdhamini wa trasti ya mtoto wa marehemu dada yangu, huu mwaka wa saba, yeye ananiita mamdogo, na maswali haya ndo yale napigiwa simu usiku na watu wa kanisani, wa msikitini na wa kazini. Karatasi yenyewe aandike wakili wa jimbo lako maana sheria za majimbo hazifanani, ila ukimwendea ukiwa unajua unachotafuta utaokoa hela nyingi na machozi pia.

Trasti ni kitu gani, kwa lugha ya nyumbani?

Ni mali iliyowekwa mikononi mwa mtu mmoja kwa faida ya mtu mwingine. Anayeishika anaitwa mdhamini, anayefaidika tunamwita mnufaika. Jina la mdhamini ndo liko benki lakini hela si yake, na mnufaika hela ni kwa ajili yake lakini hawezi kwenda kuitoa. Ni ndugu wa karibu wa wakfu. Waislamu wanaijua aya ya 5 ya sura An-Nisaa, kwamba wasioweza kusimamia mali wasikabidhiwe, ila walishwe na wavishwe kutokana nayo na wasemeshwe kwa wema, na kwakweli sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Hii ya watu wenye ulemavu ukimpigia wakili mwambie unataka Special Needs Trust, ukisema trasti tu atakuandikia ya kawaida na ya kawaida inaweza kumuumiza mtoto.

Mbona nisimwachie mwanangu hela moja kwa moja, si ni wake?

Kwasababu mtu anayepokea SSI haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000 kwa jina lake. Elfu mbili tu. Kiwango hicho kiko hapo tangu 1989, hakijaongezwa hata senti, wakati kila kitu dukani kimepanda. Tarehe 1 ya mwezi ikimkuta na dola 2,001 za kuhesabika, mwezi huo hana SSI. Na SSI yenyewe si kubwa, mwaka 2025 kiwango cha shirikisho kilikuwa dola 967 kwa mwezi, lakini majimbo mengi SSI ndo inafungua mlango wa Medicaid, na Medicaid ndo dawa, ndo kiti cha magurudumu, ndo mhudumu anayekuja asubuhi kumwogesha. Hapo ndo kwenye uchungu.

Dada yangu alikuwa anafanya kazi kwenye ghala. Siku anaajiriwa wakampa rundo la fomu, moja ya bima ya maisha, na pale penye mnufaika akaandika jina la mwanae. Mama gani asingeandika hivyo? Alipofariki ikaja dola 150,000 kwa jina la kijana wa miaka 19 mwenye usonji na kifafa. SSI ikasimama, tukaanza kuzunguka mahakamani, na miezi mitano mi nalipia dawa za kifafa mfukoni kwangu huku kuna laki na nusu imekaa mahali hatuwezi kuigusa. Mstari mmoja kwenye fomu. Kama angeandika jina la trasti badala ya jina la mtoto, yote hayo yasingetokea, na leo usiku kabla hujalala naomba uangalie fomu zako za bima ya kazini, 401(k) yaani akiba ya kustaafu ya kazini, akaunti ya benki ile yenye sehemu ya "nikifa apewe nani". Wasia hauzishindi fomu hizo. Unaweza kuandika wasia mzuri kabisa na fomu ya miaka kumi iliyopita ikaupita.

Ziko aina ngapi?

Swali la kujiuliza ni moja: hela ni ya nani?

Kama ni ya mzazi, babu, shangazi, rafiki, haijawahi kuwa ya mtoto, hiyo ni trasti ya mtu wa tatu. Ndo nzuri kuliko zote. Mnufaika akifariki kilichobaki kinakwenda kwa mnaowataka nyie, kaka zake, kanisa, yeyote.

Kama hela ni ya mtoto mwenyewe, labda fidia ya ajali, fidia ya kuumizwa wakati wa kuzaliwa, au urithi ulioandikwa jina lake kama wa kijana wetu, hiyo ni trasti ya mali yake mwenyewe. Iliruhusiwa na sheria ya shirikisho ya 1993, ina masharti: ifunguliwe na hela iingie kabla hajafika miaka 65, iwe kwa faida yake peke yake, na akifariki Medicaid inarudishiwa kwanza gharama zote ilizomlipia, kilichobaki ndo familia. Zamani mwenyewe hakuruhusiwa kuifungua hata kama akili yake nzima kabisa, ilibidi mzazi, babu au bibi, mlezi wa kisheria au mahakama, ila tangu Disemba 2016 mtu mzima mwenye uwezo wa kuamua anaweza kuifungua mwenyewe.

Ya tatu ni ya kuchanga pamoja, inaendeshwa na shirika lisilo la faida, kila mmoja ana akaunti yake ndogo ndani lakini uwekezaji unafanywa kwa pamoja. Kama hela si nyingi au hamna ndugu wa kuaminika, anzia hapa. The Arc, shirika la watu wenye ulemavu, ni mahali pazuri pa kuulizia zile za jimbo lako.

Kijana wetu anazo mbili. Ile ya bima ya mama yake, na nyingine ya mtu wa tatu ambayo mi na mume wangu tumemfungulia kupokea vya kwetu. Hazichanganywi hata siku moja, maana ukiitumbukiza hela yake kwenye ya kwetu umeitia doa na Medicaid inaweza kuidai. Hata ile cheki yake ya SSI haiingii kwenye trasti yoyote, ina akaunti yake tofauti.

Wakili gani? Rafiki yangu ananiandikia wasia kwa bei nafuu.

Tafuta anayefanya kazi hii kila siku. Anzia Special Needs Alliance, umoja wa mawakili wa trasti hizi, au NAELA ambao ni mawakili wa wazee na wenye ulemavu. Utatozwa dola elfu kadhaa, ni kweli, inauma. Sisi tulianza na wakili wa kawaida, mtu mzuri tu, akatuandikia ile trasti ya pili na ndani akaweka kwamba mdhamini "atalipia matibabu, elimu na matunzo" ya kijana. Inasikika vizuri eti? Wakili wa pili alipoisoma akaweka kidole pale kwenye "atalipia" akasema hili neno likibaki serikali inasema basi mdhamini ana wajibu wa kumtunza, hela hii ni yake, SSI ya nini? Tukabadilisha ikawa mdhamini "anaweza, kwa hiari yake mwenyewe kabisa" kulipia mambo ya kuongezea juu ya misaada ya serikali, si ya kuibadilisha. Kati ya "atalipia" na "anaweza kulipia" kulikuwa na Medicaid nzima ya mtoto.

Kitu gani kingine kisikosekane kwenye karatasi?

Mnufaika asiwe na uwezo wa kudai hela wala kuivunja trasti. Wadai wasiweze kuigusa. Msiandike ile ya "akifika miaka 25 apewe zote", watu wanaikopi kutoka trasti za watoto wengine na hapa ni sumu. Mrithi wa mdhamini awe ametajwa, na mrithi wa mrithi. Awepo mtu mwenye mamlaka ya kurekebisha maneno sheria ikibadilika, maana inabadilika. Wengine wanaweka mlinzi wa trasti, mtu wa pembeni mwenye uwezo wa kumwondoa mdhamini anayeharibu, na mi nashauri sana, hasa kama mdhamini ni ndugu. Na kama ni ile ya mali yake mwenyewe, sharti la kuirudishia Medicaid liandikwe wazi na lihusu majimbo yote aliyowahi kupata Medicaid, si hili mnaloishi tu.

Nani awe mdhamini?

Hapa familia zetu zinakosea kwa heshima. Tunampa kaka mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Wadhamini wazuri niliowaona ni wale wanaotunza risiti, wanaofungua barua siku ileile imefika, na wanaoweza kumwambia ndugu hapana bila kugombana. Fikiria nani mwekahazina wenu kwenye chama, yule ambaye daftari lake mwisho wa mwaka linakubaliana na benki, huyo. Hata kama ni mdogo wenu wa mwisho.

Maana shida haitatoka kwa mtoto, itatoka kwa sisi. Utapigiwa simu, mjomba anaumwa, karo ya binamu, "si hela zimekaa tu, tutarudisha". Zimekaa kwa ajili ya mtu mmoja. Kukopesha ndugu hela ya trasti ni kuvunja amana na mahakama inaweza kukulipisha kutoka mfukoni kwako. Kama unajua familia itakuelemea, weka benki au shirika liwe mdhamini na wewe uwe mshauri wa kumwelezea mtoto anapenda nini, wanachaji asilimia kila mwaka ila hawapigiwi simu na mjomba. Au mwende wawili, ndugu na taasisi. Na mdhamini kulipwa si aibu, kazi hii inakula wikendi, mradi iwe ya kiasi na imeandikwa.

Naruhusiwa kulipia nini?

Kanuni niliyobandika kwenye friji: *hela ipite pembeni ya mtoto, isipite mikononi mwake.* Yaani trasti imlipe muuzaji moja kwa moja. Simu, intaneti, nguo, viatu, miwani, meno yasiyolipiwa na Medicaid, kitanda, tivii, mwalimu wa muziki, mtaalamu wa mazoezi ya ziada, gari lenye njia ya kupandishia kiti cha magurudumu, kozi, kambi ya majira ya joto. Yote hayo hayapunguzi SSI.

Chakula zamani kilikuwa kinakata SSI, na bado nasikia watu wanafundishana hivyo. Hiyo imeisha tangu tarehe 30 Septemba 2024. Saa hizi trasti inaweza kulipa duka la vyakula bila kuguswa, nilivyosoma nilikaa chini, kwasababu miaka yote ile nilikuwa nagawa risiti vipande viwili, maziwa na mkate huku, sabuni kule.

Usimpe keshi. Keshi mkononi mwake ni kipato na SSI inakatwa karibu dola kwa dola. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nampa dola 60 kila Ijumaa aende na mhudumu wake kula baga, niliona ni upendo. Ilihesabiwa yote, ikaja barua ya kurudisha. Saa hizi natumia kadi maalum ambayo mwenye akaunti ni mdhamini, imefungwa kutoa keshi, yeye anaiswaipu tu na anafurahi vilevile. Kadi za zawadi za madukani nazo kaa nazo mbali.

Na kodi ya nyumba je?

Inaruhusiwa ila inakata, na kuna wakati inafaa ukatwe. Kodi ya nyumba, rehani, umeme, gesi, maji, maji taka, taka, hivi bado ni msaada wa makazi. Lakini kinachohesabiwa kina kikomo, theluthi moja ya kiwango cha SSI ujumlishe dola 20, kwa 2025 ilikuwa 342.33. Kwahiyo kama trasti inalipa kodi ya dola 900 mtaa wenye usalama, anapoteza kama theluthi ya SSI, Medicaid inabaki, na analala pazuri. Piga hesabu usiogope tu.

Hiyo akaunti ya ABLE inachukua nafasi ya trasti?

Hapana, zinasaidiana. ABLE ilipitishwa 2014, ni akaunti kwa jina la mwenye ulemavu na dola 100,000 za kwanza SSI haizihesabu. Ulemavu ulitakiwa uwe umeanza kabla ya miaka 26, na kuanzia Januari 2026 ni kabla ya miaka 46, kwahiyo waliokataliwa zamani warudi. Ina kikomo cha kuweka kwa mwaka, 2025 kilikuwa 19,000. Utamu wake ni huu: trasti ikiweka hela kwenye ABLE, alafu ABLE ikalipa kodi ya nyumba mwezi uleule, SSI haikatwi. Halali kabisa.

Watu wamechanga harambee mtandaoni kwa jina la mtoto. Kuna shida?

Kubwa. Ikishakuwa kwa jina lake ni mali yake. Kabla hamjafungua mchango muulizeni wakili, akaunti ipokee trasti ya mtu wa tatu, na maneno yaseme hivyo tangu siku ya kwanza. Bahasha ya kanisani vivyo hivyo, cheki iandikwe kwa trasti.

Bibi yake nyumbani anataka kumgawia shamba.

Mshukuruni bibi kwa magoti, alafu mwambieni asimwandike mtoto. Mali iliyo nje ya nchi nayo ni mali, na SSI wanataka itajwe. Amwachie mzazi au ndugu mwingine, au liuzwe na hela ije kwenye trasti ya mtu wa tatu. Ongeeni naye akiwa hai maana ukishaandikwa jina kwenye hati kazi ya kulitoa unaijua.

Sisi Waislamu, mafungu ya mirathi tayari yamepangwa. Tunafanyaje?

Fungu la mirathi likimfikia mtoto moja kwa moja linakuwa mali yake, mnarudi kwenye ile ya kurudishia Medicaid. Na wasia una mwisho wa theluthi, tena si kwa mrithi. Familia ninazozijua zimeingiza mali kwenye trasti wakati mzazi yuko hai, kama hiba. Kaeni na sheikh na wakili meza moja, msiende kwa mmoja mmoja.

Tunaweza kumpeleka nyumbani Disemba?

Ndiyo na trasti inaweza kumlipia tiketi, na ya msaidizi kama hawezi kusafiri peke yake, si ya ukoo mzima. Chukua tiketi isiyorudishwa hela. Ila hesabu siku! Akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo au mwezi mzima wa kalenda SSI inasimama, na hairudi mpaka amekaa tena hapa siku 30 mfululizo. Sisi tunaenda siku 24 na hatuongezi hata mama akilia.

Sisi ni wakimbizi, tulikuja toka Kongo. Inatuhusu?

Inawahusu na kuna saa inagonga. Mkimbizi asiye raia anapata SSI miaka 7, basi, baada ya hapo inakatwa mpaka awe raia. Mtoto wako akiwa na ulemavu unaomzuia kujifunza Kiingereza na maswali ya historia, kuna fomu N-648 ambayo daktari anajaza kuomba asamehewe mtihani. Anzeni mapema, msisubiri mwaka wa saba.

Kodi ya mapato ya trasti?

Mpe mhasibu. Ujue tu kwamba mwaka 2025 trasti ilikuwa inafika kiwango cha juu cha 37% kwenye mapato yanayozidi dola 15,650, ambapo mtu wa kawaida anafika huko akiwa na zaidi ya laki sita. Hela ikitumika kwa ajili ya mnufaika mzigo unapungua, na ile ya mtu wa tatu inaweza kupata nafuu maalum ya trasti ya mtu mwenye ulemavu, dola 5,100 kwa 2025. Muulize mhasibu wako kama anaijua, wengi hawaijui.

Rekodi unatunzaje?

Daftari moja, faili moja, simu moja. Kila malipo naandika tarehe, kiasi, nani kalipwa, na sababu kwa sentensi moja: "viatu, vya zamani vimebana kidole cha kulia." Risiti zile za mashine zinafutika, mwaka mmoja unakuta karatasi nyeupe, kwahiyo napiga picha palepale dukani kabla sijaingia kwenye gari. Mabadiliko yoyote yanayohusu SSI yaripotiwe ndani ya siku 10 baada ya mwezi kuisha. Mwisho wa mwaka natoa hesabu kwa maandishi na kuwatumia kaka zangu wote hata wasioomba, na tangu nianze hivyo maneno ya chinichini yameisha.

Imekuja barua inasema tumelipwa zaidi, turudishe.

Usiifiche kwenye droo. Una siku 60 za kukata rufaa, na kuna fomu ya kuomba usamehewe kama haikuwa kosa lako na huna uwezo wa kulipa. Mpigie wakili, toa daftari.

Akifariki, trasti inalipa mazishi?

Ya mtu wa tatu inalipa. Ya mali yake mwenyewe, Medicaid inatangulia na mazishi hayaruki foleni, familia nyingi zinaligundua hili zikiwa zimekaa kwenye msiba. Kwahiyo lipeni mkataba wa mazishi mapema, yeye akiwa hai, usioweza kuvunjwa. Kama mnataka mwili urudi nyumbani ingizeni gharama ya kusafirisha kwenye mkataba huohuo. Ni mazungumzo magumu, mi nililia ofisini kwa watu, ila nilisaini.

Na mimi mdhamini nikiondoka nani atajua anavyopenda?

Andika barua ya maelekezo. Haina nguvu ya kisheria na mi naona ina thamani kama trasti yenyewe. Yangu ina kurasa kumi na moja, naisahihisha kila siku yake ya kuzaliwa. Mle nimeandika dawa na saa zake, jina la daktari, kifafa kikija alazwe ubavu upi na dakika ngapi kabla ya kupiga 911. Alafu nimeandika kwamba uji anakunywa vuguvugu kwenye kikombe cha bluu, sauti ya blenda inamtesa kwahiyo aambiwe kwanza, akianza kugonga meza polepole amechoka na wageni, na Jumapili jioni huwa anasimama dirishani, anamsubiri mama yake, msimwondoe, simama naye tu.